Mkifika Kwenye Bluu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kushindana nayo. Wosia wangu niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikauweka kwenye droo ya juu ya lile kabati pale, na leo nilitaka kuwasomea. Sasa nisome nini, wakati ninyi wawili mmeipaka droo rangi mpaka imegandana na kabati? Jamani! Nalazwa wiki tatu, narudi nakuta zawadi: kabati jeupe pee, rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, bila msasa, bila hata kufuta vumbi. Watoto wa fundi rangi! Nimewalea kwa harufu ya tapentaini, na bado.

Msinune. Najua mlitaka kunifurahisha. Lakini leo siku ya nne nimelala hapa naitazama rangi yenu ikibanduka kama maganda ya kitunguu, na huko sebuleni nawasikia mkigombana, huyu anasema ulipaka wewe, yule anasema wewe ndiye uliyenunua. Mmenichosha kuliko ugonjwa.

Basi niliyoyaandika nawaambia kwa mdomo. Karakana ni yenu wote wawili, msiigawe kwa ukuta wala msiiuze. Wewe mkubwa una mkono mzuri wa brashi ila subira huna, na wewe mdogo wake subira unayo ila unawaogopa wateja. Yule seremala jirani, ambaye sijamsalimia miaka kumi kwa sababu alivunja ngazi yangu, mwambieni yameisha. Ngazi ilikuwa mbovu, na yeye alisema hivyo tangu siku ile ile.

Na droo msiifungue kwa bisibisi, mtapasua ubao! Kwangueni taratibu, kwanza hiyo nyeupe yenu, kisha kijani, kisha kahawia. Hizo mbili nilizipaka mimi, na mimi pia sikupiga msasa vizuri. Ndiyo, chekeni tu. Miaka yote nawagombeza wateja, na kabati la nyumbani kwangu linabanduka kila msimu wa mvua, kwa sababu chini kabisa kuna bluu aliyoipaka marehemu mama yenu mwaka tuliooana, imechuruzika, ina nywele za brashi zimeganda ndani, na kila nikishika msasa nifike huko, mkono unakataa. Siku ile nilimcheka mbele ya wageni, akaingia chumbani akalia, na sikumwomba radhi mpaka tunamzika. Nilimpenda sana, wanangu, na sikumwambia.

Nipeni maji kidogo... Basi, yanatosha. Msasa mkali kwanza, halafu laini. Mmoja ashikilie, mwingine apige, mkichoka mpokezane, na mkinuniana mpokezane hivyo hivyo. Mungu abariki mikono yenu, awaweke pamoja. Na mkifika kwenye bluu... nisikilizeni... mkifika kwenye bluu, acheni. Msipake kitu juu yake.