Alhamisi za Flavian Sichalwe

Flavian Baltazari Sichalwe, mwana wa Baltazari aliyechonga benchi za kigango cha Mpui kwa mkono wake, mjukuu wa Christopha aliyefua majembe kabla hayajaja ya dukani, alizaliwa Mpui tarehe 14 Machi 1956. Ninayesoma ni dada yake Marsiana, niliyembeba mgongoni. Wadogo zangu watatu nimeshawasomea wasifu. Huyu ni wa nne, tena ndiye kitinda mimba. Mnivumilie nikisoma polepole.

Alisoma Shule ya Msingi Mpui, 1964 hadi 1970. Hesabu alinishinda. Mwandiko nilimshinda mimi, na hilo alikiri mwenyewe.

Mwaka 1979 alihamia Chanji, Sumbawanga mjini, akaendesha mashine ya kusaga miaka thelathini na minane. Alirudi nyumbani mweupe hadi nyusi. Kelele ile ilimzoesha kupaza sauti, asijue tena kuishusha. Akiongoza rozari katika Jumuiya ya Mtakatifu Anna, watu wa mtaa wa pili waliitikia wakiwa majikoni mwao.

Josefina, binti wa kijiji cha Msanzi, alimkuta hapo hapo mashineni, alipoleta ulezi.

"Kaka, mbona unanifokea?"

"Sikufokei, nakuuliza jina!"

Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Ugonjwa ulianza 2018. Daktari alisema mapafu yameharibiwa na vumbi la unga la miaka yote ile. Kilichomuuma zaidi ni rozari. Akianza "Salamu Maria", pumzi iliisha kabla ya kufika kwenye neema. Akaacha mwenyewe kuongoza jumuiya, akaja kwangu, akaketi. "Dada, sasa nitasali na nini?" Nikamjibu maneno mengi, kama mnavyonijua, na hakuna hata moja lililomfaa.

Alikaa na swali hilo karibu mwaka mzima. Kisha akaanza kuketi asubuhi kwenye kiti chake cha kamba, macho amefumba. Akivuta pumzi, moyoni anasema "Yesu". Akiitoa, anasema "nipo". Basi. Siku nyingine, alisema, hakusikia kitu ila kifua chake kikikoroma. Siku nyingine alimkasirikia Mungu tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini aliketi.

Nikamwambia, "Huko si kusali, ni kusinzia."

Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, nyasi tunazofukia kwenye matuta kule Mpui zioze ziwe mbolea, umewahi kuziona zikifanya kazi?"

Mwaka juzi jumuiya ilikuja kumwona, tukamkuta hivyo, haitiki. Aliyepiga yowe ni mimi. Wenzangu wakapiga magoti, wakaanza Litania ya Watakatifu kumsindikiza. Tulipofika mbali, akafumbua jicho moja: "Mmemruka Mtakatifu Anna, na jumuiya ni ya kwake."

Kila Alhamisi alijikongoja hadi kwa jirani yetu Justina, aliyepigwa na kiharusi akapoteza usemi. Sisi wengine tukienda tulimwimbia, tukamuuliza maswali asiyoweza kuyajibu, tukaaga. Flavian aliketi tu kando yake, wakapumua pamoja. Siku hiyo Justina hugeuziwa kitanda, autazame mlango.

Julai alilazwa wiki mbili, akaomba arudi nyumbani. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, kitini mwake, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Safari hii tulisubiri sana kabla ya kulia.

Ameacha mjane, Josefina; watoto, Victor, Angela na Edith; wajukuu saba; na dada mmoja. Bwana ampe pumzi isiyokatika.

Jumapili, siku moja kabla, aliniita. Nayasoma haya mbele yenu ili nisije nikayakwepa, maana leo ni Jumatano.

"Dada, Alhamisi uende kwa Justina."

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

"Flavian, mimi? Nisiseme kitu?"

"Ndiyo kazi ninayokuachia."

"Nimechoka, mdogo wangu. Miguu hii imekwisha."

Akavuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

"Basi vizuri. Kazi yenyewe ni ya kukaa."