Hatari Kwanza, Shikamoo Baadaye: Maisha ya Mwalimu Antipasi Gabrieli Mughwai (1951–2025)

Wasifu huu umepita mikononi mwa marehemu mwenyewe. Januari mwaka huu aliomba auone, akausahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la darasa la tano. Mahali tulipoandika kwamba hakuwahi kukosea kazini alipiga mstari, akaandika pembeni: "Uongo. Andikeni ya korongo." Basi tumeandika ya korongo, na tunaomba mtuvumilie tutakapofika hapo.

Mwalimu Antipasi alizaliwa tarehe 12 Agosti 1951 hapa Mgori, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Gabrieli Mughwai na Mama Rebeka, wakulima wa uwele na mtama. Katika nyumba ile adabu ilitangulia chakula. Mtoto aliyebeba kuni akikutana na mkubwa alitua mzigo, akasalimia, akasubiri kuitikiwa, ndipo akajitwisha tena. Marehemu alikuwa akisimulia kwamba siku ya mnada njia ya robo saa ilimchukua saa nzima, na kwamba alianza kuwachukia wazee wote wenye afya ya kutembea.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1960 na kumaliza la nane mwaka 1967. Alichunga ng'ombe wa baba yake kwa miaka mitatu kabla ya kupata nafasi katika chuo cha ualimu mkoani Dodoma, akahitimu Novemba 1972. Alifundisha Nduguti kuanzia 1973 hadi 1980, kisha akapelekwa Rungwa, ambako alikaa miaka tisa. Huko Rungwa aliona watoto wa warina asali wakijua moto wa porini utaelekea wapi kabla ya baba zao kujua. Aliona, lakini hakuwauliza kitu. Hilo nalo aliliongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 7 Julai 1979 alifunga ndoa na Felista Edward, binti wa Kinyiramba kutoka Nduguti. Wakwe wanakumbuka kwamba siku ya posa alisalimia kila mtu uani, akarudia kwa mzee mmoja aliyekuwa amesinzia, mpaka ugali ukapoa. Mama Felista husema alikubali upesi ili watu wapate kula. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mwaka 1990 alirudi nyumbani kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Kisimani, na kwa upande wa nidhamu hakuwa na mpinzani wilaya nzima. Mwanafunzi aliyempita mtu mzima bila salamu alirudishwa alikotoka, hata kama ni nusu kilomita.

Sasa ya korongo. Alhamisi tarehe 22 Januari 1998, mwaka ule wa mvua za El Nino, hapa Mgori jua lilikuwa linawaka, ila huko juu msituni mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Binti yake Belinda, aliyekuwa darasa la nne, alitumwa maji ya bustani ya shule. Aliona maji ya korongo yamebadilika rangi, yanabeba matawi yenye majani mabichi. Akatupa ndoo, akakimbia hadi ofisini, walimu wanane wakiwa kwenye kikao, akaingia akihema bila kumsalimia mtu. Baba yake hakumwacha afungue mdomo.

"Toka nje," alimwambia. "Ingia tena kama mtoto aliyelelewa."

Mtoto akatoka, akabisha hodi, akaingia. Akasalimia mwalimu mmoja mmoja, shikamoo na marahaba, shikamoo na marahaba, kama alivyofundishwa. Alipomaliza wa saba, amebaki baba yake tu, akashindwa kuendelea, akasema maji yanakuja. Darasa la kwanza walikuwa wameshaachiwa warudi nyumbani na wako katikati ya korongo. Walimu walikimbia, wakaingia majini na nguo zao, wakawatoa watoto wote isipokuwa mmoja. Aliitwa Sara, na alikuwa na miaka saba.

Marehemu hakujificha nyuma ya mvua. Jioni ile ile alikwenda kwa mama yake Sara, Bi. Winfrida, ambaye tunaye hapa leo, akamweleza bila kupunguza: mwanangu alileta habari, nami nikamrudisha akasalimie. Bi. Winfrida hakusema naye mwaka mzima, wala hatukumlaumu. Januari 1999 alifika shuleni akimshika mkono mdogo wake Sara, Calist, kuja kumwandikisha.

"Huyu ana mdomo kuliko dada yake," alisema. "Usiufunge."

Kuanzia hapo Mwalimu Antipasi alikuwa na kazi moja maishani: neno la mtoto litoshe kumwinua mkubwa kwenye kiti. Aliunda kamati ya wanafunzi ya kuangalia hatari, akawaambia wachore kijiji kwenye uwanja wa paredi kwa majivu na udongo mwekundu. Walichora tusivyoviona sisi wakubwa: shimo la matofali lililoachwa wazi, choo kilichoinama, nyumba ya bibi asiyeona ambaye mafuriko yakija hana wa kumshika mkono. Kila nyumba ya namna hiyo ikapangiwa watoto wawili wa zamu.

Wazee wa kijiji walisimika nguzo kwenye korongo na kuipaka alama nyekundu ya hatari, wakajipongeza. Calist alikwenda akasimama kando yake. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Maji yakifika hapo," alisema, "mimi nimeshakufa."

Nguzo ilipakwa upya kwa kimo cha darasa la kwanza, na marehemu alishika kopo la rangi mwenyewe.

Si kwamba alishangiliwa. Katika mkutano wa kijiji wa Oktoba 2000 alishutumiwa kwamba anatuharibia watoto, kwamba sasa vitoto vitaingia vikaoni na kuamrisha watu wenye mvi. Wengine waliosema hivyo wamo kwenye msiba huu, na tunawakaribisha chakula kama wengine. Alisimama akawajibu kwa maneno ambayo baadaye yaliandikwa kwenye ukuta wa shule.

"Hatari kwanza, shikamoo baadaye. Salamu haifutwi, inasubiri. Mtoto akishasikilizwa atamsalimia kila mtu, na mimi nitahesabu."

Alistaafu Agosti 2011, lakini wale waliodhani sasa atapumzika na alizeti zake hawakumjua. Aliendelea kwenda shuleni kila Ijumaa kufanya mazoezi na watoto: rimu ya gari ikigongwa mara tatu mfululizo, wakubwa wanawashika wadogo mkono na wote wanatoka kwa mistari hadi uwanjani.

Jumatatu tarehe 2 Desemba 2019 palikuwa na sherehe ya kukabidhi madawati, na mgeni rasmi kutoka wilayani alikuwa akihutubia ndani ya darasa kubwa. Upepo ulianza kuvuma. Mtoto wa darasa la nne aitwaye Rebeka aliona bati la pembeni linainuka na kurudi. Akasimama katikati ya hotuba. Hakunyoosha mkono, hakusema shikamoo, alisema neno moja tu: hatari. Mwenzake aliyekaa karibu na mlango alishafika kwenye rimu, akaigonga mara tatu. Watoto mia moja na kumi na wawili walitoka kwa mistari yao, na mgeni rasmi alitoka wa mwisho, akiwa ameshikwa mkono na mwanafunzi wa darasa la kwanza aliyemwambia asisukume. Paa liliondoka kabla hawajamaliza kuhesabiana. Hakuumia hata mtoto mmoja.

Marehemu alikuwepo siku ile, amekaa na wageni. Alilia mbele ya watu, jambo ambalo familia haikuwahi kuliona. Kisha akafuta macho, akamwita Rebeka, akamwambia sasa aende akamsalimie mgeni. Tunajivunia siku ile kuliko cheti chochote kilichotundikwa sebuleni kwetu. Paa jipya lilipigwa na Calist, ambaye leo ni fundi seremala, na jeneza hili ni kazi ya mikono yake.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alitibiwa mjini Singida kwa uvumilivu, wa kwake na wa wauguzi. Siku ya pili tu ya kulazwa aliuliza: moto ukiwaka, yule mama wa kitanda cha nne asiyeweza kutembea anatolewa na nani? Wauguzi walicheka, lakini kesho yake karatasi yenye majina ilibandikwa mlangoni. Aliomba kurudishwa nyumbani mwezi Februari, na asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alifariki akiwa amezungukwa na wajukuu.

Ameacha mjane, Mama Felista, watoto wanne ambao ni Gabrieli, Elisha, Edward na Belinda, wajukuu kumi na mmoja, kitukuu mmoja, na watoto wa Mgori ambao hatukuweza kuwahesabu kwa sababu wanaendelea kufika.

Mimi ninayesoma ni Belinda. Nilikuwa na miaka kumi. Baba aliniomba msamaha mara nyingi, na nilimsamehe tangu zamani, lakini sikumwambia kwamba nami nina deni langu. Siku ile ofisini walimu walikuwa wanane, nami nilisalimia saba. Yeye alikuwa wa nane. Kila shikamoo niliyompa baadaye ilikuwa ya siku yake. Ile ya siku ile ilibaki. Baba, watoto wametoka wote, wamehesabiwa, wako salama uwanjani. Hatari imepita.

Shikamoo, Baba. Pumzika kwa amani.