Klara Amejitoa

Mwaka ule wa sabini na tatu, benchi la Abdallah muuza kahawa pale Lukozi lilikaa mbele ya ofisi ya kijiji, mguu mmoja ukiegemezwa kwa tofali. Ukungu ulikuwa haujainuka mlimani, lakini wenye benchi walishafika. Silvano mwashi alikuwa karejea jana yake kutoka Bungu, alikokwenda kujenga zahanati juma zima. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwomba Klara, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, waoane. Klara aliahidi kumjibu kwa maandishi. Sasa jibu lilikuwa mfukoni mwa shati: "Silvano, nimefikiri sana. Nimejitoa. Klara." Alikuwa amelisoma mpaka karatasi imelegea, na bado hakujua acheke au alie.

— Jamani, nina rafiki yangu, alianza. Kamposa mtu, kajibiwa "nimejitoa". Maana yake nini?

Wote walitazama mfuko wa shati lake.

Nikodemo, karani mstaafu wa mahakama, ndiye waliyemwita Kamusi. Alikohoa kwanza.

— Kujitoa ni kujiondoa. Ni kujitenga, kujiuzulu, kurudi nyuma. Mahakamani mlalamikaji akijitoa, kesi imekwisha. Mpe pole rafiki yako.

— Mghoshi, bwana wee, usimuue mwenzio! alidakia Timotheo, mpiga kengele wa kanisani, ambaye jina lake la utani lilikuwa hilohilo, Kengele. Kujitoa ni kutoa nafsi. Mtu hujitoa kwa Bwana. Huyo mama anakwenda kuwa sista. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mvunguni kuna nini tena? aliuliza Kamusi.

— Sista si anapiga magoti? Atapigaje magoti bila kuinama?

Abdallah, kwa jina la kijiweni Redio, alimimina kahawa bila kutazama kikombe.

— Nyote mmepotea. Siku hizi barabara tunajitolea, shule tunajitolea. Mama wa watu alitaka kuandika "nimejitolea", wino ukakata, herufi mbili zikabaki kalamuni. Kajitolea kuolewa!

— Anayejitolea hadai malipo, alisema Kamusi, akianza kuvutiwa. Basi hata mahari hataki.

— Au ni kujitoa mhanga, aliongeza Kengele. Kaitazama sura ya Silvano, akasema liwalo na liwe.

— Ya rafiki yangu, alisahihisha Silvano.

— Ndiyo, sura ya rafiki yako.

Walicheka, na Silvano akacheka nao. Mkewe alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Tangu hapo hakutamani sauti ya mtu nyumbani mwake, mpaka alipokwenda kuziba ufa wa darasa akamsikia Klara akiwasomesha wazee "ba, be, bi" bila kumcheka hata mmoja.

Binti mmoja, Marta, aliyekuwa akipita na kikapu cha njegere, alisimama kupumua.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Samahani, nimewasikia kutoka kule chini. Huyo mama kajitoa katika nini?

Redio alianza kukusanya vikombe.

Silvano aliweka kikombe chini na kuondoka, nusu anatembea, nusu anakimbia. Alimkuta Klara darasani, akifuta ubao.

— Klara, umejitoa katika nini?

— Hodi huna? alisema Klara. Katika safari ya Magoma. Walitaka walimu wa kwenda kufundisha kule bondeni miaka mitatu, nami nilijiandikisha kabla hujaniambia lako. Ulipoondoka nikaenda kufuta jina. Nikawaambia siendi, nina mtu huku.

Silvano aliketi kwenye dawati la mbele, pale wanapokaa wazee wasioona vizuri.

— Sasa si ungeandika hivyo?

— Niandike nini tena? Orodha imebandikwa mlango wa ofisi juma zima, na jina langu limekatwa kwa wino mwekundu. Hatua nne kutoka benchi lenu! Nilijua wenzako watakwambia tu. Si ndio wanaojua kila kitu?