Barua ya Getini

Asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya kibanda cha viatu, walikuwepo watu watano. Soli, fundi viatu, mwenye benchi. Bingwa, aliyeshinda mashindano ya drafti mara moja na hajaacha kusimulia. Mama Birika, muuza kahawa. Mzee Karani, mstaafu wa ofisi ya uandikishaji, aliyeshika kalamu miaka thelathini na minne bila kukosea jina la mtu. Na Brashi, mchora mabango, aliyekaa pembeni amevaa gauni la kijani lililonyooshwa kwa pasi, madoa ya rangi yangali vidoleni.

Brashi alikuwa ametoka hospitali. Baba yake amelazwa wodi ya nane, na daktari ameshawaambia ndugu waje kuagana naye. Askari wa getini alisoma barua ya utambulisho, akalitazama gauni, akasema barua ni ya mwanamume, basi huyu ameiokota; akamrudisha. Barua hiyo aliiandika Karani jana, kwa jina la cheti cha kuzaliwa. Brashi alimsihi aandike jina analotumia sasa. Karani akajibu kwamba jina haliandikwi kwa hisani.

Sasa Karani aliipuliza kahawa yake iliyokwisha kupoa.

Soli alitoa nadharia yake kuhusu lile gauni: harufu ya rangi hupanda kichwani. Bingwa akaipinga. Kwa maoni yake, mtu akichora sura za wanawake kwenye mabango ya saluni miaka kumi na tisa, sura hizo humhamia.

– Bucha nalo alilichorea ng'ombe, alisema Mama Birika. Mbona hajaota pembe?

Bingwa hakukubali kushindwa. Akadai wenye saluni ndio waliopanga jambo lote, ili biashara ichangamke. Kisha akamgeukia Brashi kwa upole.

– Vaa suruali nusu saa tu, umwone mzee, utoke. Samaki mkunje angali mbichi.

– Nina miaka arobaini, Bingwa. Samaki huyu ukimkunja anavunjika.

– Nusu saa tu.

– Baba alinitazama ndani ya suruali miaka yote hiyo na hakuniona. Leo ataniona. Askari akinirudisha, nitarudi tena, na gauni ni hili hili.

Wakaanza kubishana upya: Soli alihofia mgonjwa atashtuka, Bingwa akaapa kwamba wazee hufa zaidi kwa aibu kuliko kwa maradhi. Mwanamke mmoja aliyeleta kiatu kilichong'oka kisigino alikuwa amesimama akisubiri zamu yake.

– Samahanini, alisema. Mgonjwa mwenyewe ameulizwa?

Soli aliinamia kiatu. Bingwa akatafuta methali, akaikosa. Brashi naye alitazama chini.

Karani aliweka kikombe benchini. Tangu siku Brashi alipokuja na gauni kwa mara ya kwanza, alikuwa amejificha nyuma ya cheti, akijiita mwaminifu. Askari hakufanya zaidi ya kusoma alichoandikiwa. Akaomba ile barua, akaichana vipande vinne, akatoa karatasi nyingine mfukoni.

– Jina lako, mwanangu. Nitajie herufi kwa herufi, nisikosee.

Brashi akamtajia. Karani akaandika taratibu, kisha akaongeza: *Ni binti wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Nimemfahamu miaka kumi na tisa.* Akatia sahihi, jina lake kamili na cheo alichostaafu nacho.

– Wakikurudisha, alisema, niite. Nitakuja kusimama hapo getini.

Brashi aliichukua barua, akashika katikati ya barabara kurudi hospitali. Vijana wa kinyozi walimpigia miluzi. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza.

Saa nane mchana alimpigia Soli simu kutoka wodini. Askari alisoma barua mpya akampisha, na baba yake alimwona kabla ya kufariki, saa saba na dakika arobaini.