Mwalimu Rebeka Bujiku, Mama wa Vijana wa Gofu wa Kahama

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Nyasubi mliosafiri na jeneza, walimu, vijana wa gofu mliokuja na sare zenu, na nyote mliofika hapa Bugarama leo Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba mketi vizuri, maana mama tunayemsindikiza alikuwa mwalimu na hakupenda mtu amsikilize akiwa amesimama mlangoni.

Rebeka Bujiku Mabula alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959 hapa hapa Bugarama, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku Mabula na Mama Eunice Kabula, ambao wote wametangulia mbele za haki, akabatizwa mwaka uleule, na alipofika umri wa miaka mitano baba yake alipata kazi katika mgodi mmoja wa almasi huko Shinyanga, kazi ya kutunza uwanja wa gofu wa wafanyakazi, familia nzima ikahamia kota za mgodi na magunia mawili ya mtama na jogoo mmoja ambaye, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe, aliwika njia nzima.

Maisha ya kota aliyasimulia mpaka mwisho wa siku zake, na kila aliposimulia uso wake ulikuwa unarudi utotoni, alikumbuka king'ora cha asubuhi, maji ya bomba yaliyotoka bila kusubiriwa, sinema ya Jumamosi iliyoonyeshwa ukutani, na zaidi ya yote aliukumbuka uwanja, kwa sababu Shinyanga ya wakati ule majani mabichi yalikuwa kitu cha kwenda kutazama, na kuzunguka mashimo ya kutumbukizia mpira hapakuwa na majani bali mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe, na Mzee Bujiku aliusawazisha mchanga ule kila alfajiri akiwa na binti yake nyuma, miguu imekuwa myeusi hadi kwenye vifundo, naye Mama Eunice akigomba mlangoni, "Mkiingia na miguu hiyo humu ndani mtalala na mbuzi!"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 na sekondari kuanzia 1974 hadi 1977, na katika miaka hiyo alijifunza kucheza gofu kwa fimbo zilizovunjika ambazo baba yake aliziunga kwa waya, akafika mahali pa kuwashinda wavulana wote wa kota, hata wakubwa wa mgodi wakawa wanasimama kumtazama, lakini alipomaliza kidato cha nne na klabu ya pale ikatangaza ufadhili wa masomo ya chuo kwa watoto wa wafanyakazi wanaocheza gofu, Mzee Bujiku alivaa shati lake la kanisani akaenda kuuliza, akajibiwa kwa upole kwamba ufadhili ule ni wa wavulana, akarudi nyumbani akamwambia bintiye kwa Kisukuma na Kiswahili kilichochanganyika, "Ng'wanone, mwanangu, wamesema hapana, lakini hawakusema hujui," na maneno hayo aliyabeba maisha yake yote bila uchungu, ingawa bila kuyasahau.

Serikali ikamchukua kusomea ualimu Butimba, Mwanza, akahitimu mwaka 1980, akapangiwa kazi wilayani Kahama, ambako alifundisha hesabu na michezo katika shule tatu kwa nyakati tofauti mpaka alipostaafu tarehe 14 Aprili 2019, na wapo hapa leo watu wenye mvi ambao bado wakiulizwa saba mara nane huangalia nyuma kwanza kama Mwalimu Rebeka amesimama.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Donatus Lubango, fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mpole aliyependa redio na kahawa, wakajenga Nyasubi, mjini Kahama, wakati Nyasubi bado ina mashamba ya mihogo katikati ya nyumba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Eustace aliyezaliwa mwaka 1985, Serafina mwaka 1988 na Deusdedit mwaka 1992, na Baba Eustace alipofariki tarehe 3 Mei 2006 mama huyu alivaa nguo nyeusi mwaka mzima, kisha siku moja ya Jumamosi akazivua, akatoa chini ya kitanda zile fimbo za baba yake zilizoungwa kwa waya, akaenda shuleni, akawaita watoto uwanjani.

Hivyo ndivyo gofu ilivyoingia Nyasubi, watoto wakipiga mipira katikati ya mbuzi na wapita njia wakiuliza mwalimu amepatwa na nini, hadi mama alipokuja hapa Bugarama kuomba watoto waruhusiwe siku za Jumamosi kwenye uwanja wa gofu wa wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu, akakubaliwa, na uwanjani hapo ndipo alipokutana na Mzee Jashvant, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi pale Kahama, ambaye alikuwa anacheza peke yake kila wiki na chupa ya chai kwenye begi la fimbo, akamtazama mama akipiga mpira wake wa kwanza, akaweka chai chini, akasema, "Mama, wewe ulikuwa wapi miaka yote hii?" naye mama akamjibu, "Nilikuwa nafundisha hesabu."

Kutokana na urafiki huo, mwaka 2009 ulizaliwa Mfuko wa Gofu na Elimu, Mzee Jashvant akiwa mwenyekiti na mama akiwa katibu, kwa lengo la kuwasomesha chuo na chuo kikuu vijana wa ukanda huu wanaocheza gofu, wa kike na wa kiume, wa Kahama, Msalala na Geita, kwa sharti kwamba kijana asome, acheze, na akirudi likizo awafundishe wadogo, na wa kwanza kupata ufadhili alikuwa Wema Masanja, binti wa muuza dagaa wa soko la Nyasubi, aliyeingia chuo kikuu Dodoma mwaka 2010 kusomea uhasibu, na siku anaondoka mama alimsindikiza hadi stendi, akamkabidhi begi la fimbo na kumwambia, "Wakikuuliza hizo chuma ni za nini, waambie ni ada yako."

Familia imekubaliana kutoruka jambo linalofuata, kwa sababu mama mwenyewe hakuliruka, nalo ni kwamba mwaka 2011 nafasi ilikuwa moja na vijana waliofaa walikuwa wawili, Kalisti, mtoto wa mchimbaji mdogo wa Geita, na Deusdedit, kitinda mimba wa katibu wa mfuko, na kabla kamati haijaanza kujadili mama alisimama akaliondoa jina la mwanawe, akisema mfuko ukianza kumsomesha mtoto wa katibu hakuna mzazi atakayeuamini tena, na jioni ile Deusdedit alimwambia, "Mama, babu alikwenda kukuombea wewe, mimi umekwenda kuniondoa," akafunga mlango, na kwa muda mrefu mama na mwana waliongea mambo ya chumvi na maji tu, Deusdedit akaenda kusomea umeme chuo cha ufundi, Kalisti akaenda Morogoro kusomea kilimo.

Likizo ya mwaka 2013 Kalisti alikwenda kufanya kibarua machimboni kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na tarehe 6 Septemba mkono wake wa kulia ulinaswa na mkanda wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akapoteza vidole vitatu, na chuo kilipofunguliwa hakurudi, simu haikupokelewa, ujumbe mmoja tu ukaja kwamba mfuko utafute kijana mwingine, wala haukueleza sababu, na mama akakaa na ujumbe ule kama mtu aliyefiwa, hadi ilipoingia simu kutoka Geita, na aliyepiga alikuwa Deusdedit, ambaye wakati huo alikuwa anafanya kazi ya umeme huko, akasema bila salamu ndefu, "Mama, yule mtoto wako wa gofu nimemwona, anauza maji machimboni, na mkono hauko sawa. Njoo."

Mama alipanda basi la asubuhi, Deusdedit akampokea stendi ya Geita akampakia kwenye pikipiki, wakaenda hadi kwenye maturubai ya wachimbaji, wakamkuta Kalisti amekaa juu ya ndoo, mkono ameuficha kwenye mfuko wa koti, joto lote lile, akasimama akasema, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, toa huo mkono niuone," akautoa, mama akaushika kwa mikono yote miwili, na Kalisti akaanza kulia, akisema, "Mimi si mcheza gofu tena, mama, nafasi si yangu," ndipo mama akasema neno ambalo Deusdedit amelirudia nyumbani mara nyingi wiki hii, "Nani alikuambia tulikuwa tunasomesha vidole?"

Njiani kurudi mjini pikipiki ilizimika, wakaisukuma wote watatu kwenye vumbi, na hapo ndipo Deusdedit alipouliza kama angekuwa yeye ndiye aliyekatika vidole mama angekuja, mama akasimama, akajifuta jasho kwa kanga, akamwambia, "Wewe ningekuja usiku huohuo kwa miguu, na ningekukuta unanikasirikia," wakacheka, kisha wakalia, na tangu siku ile mlango uliofungwa mwaka 2011 ulifunguka.

Ndani ya kamati mambo hayakuwa mepesi, kwa maana kanuni ilisema wazi kwamba asiyecheza hafadhiliwi, na mfadhili mmoja mkubwa alisema kijana akiachwa bila kucheza mfuko utakuwa wa huruma badala ya gofu, mama akajibu kwamba kijana aliahidiwa na ahadi haina mkono wa kulia wala wa kushoto, kura zikalingana, wote wakamgeukia Mzee Jashvant, naye akachovya bhajia kwenye chatne, akasema, "Hii kanuni tuliandika sisi wenyewe, meza hii hii, tukila bhajia hizi hizi. Haikutoka mbinguni. Leo tunaifuta, na Kalisti anarudi shule." Mfadhili yule akajitoa, mwaka uliofuata mfuko haukuchukua kijana mpya hata mmoja, na sokoni Nyasubi wapo wazazi waliomsalimia mama shingo upande, wakisema watoto wao wamekosa chuo kwa ajili ya kilema mmoja wa Geita, naye aliwaitikia wote kwa heshima, akaendelea kununua nyanya zao, akienda nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kuomba, mpaka mfuko ukasimama tena.

Kalisti alihitimu shahada ya kilimo mwaka 2015, sasa ni bwana shamba, na ndiye aliyepanda kwa mkono wake majani ya uwanja wa vijana nje ya mji wa Kahama, kwenye eneo alilolitoa Kunal, mtoto wa Mzee Jashvant, baada ya baba yake kufariki mwaka 2018, na gofu anacheza bado, kwa mkono wa kushoto, kwa mtindo ambao mama alisema unafanana na mtu anayefukuza kuku, lakini mpira unakwenda.

Baada ya kustaafu mama alishinda uwanjani hapo, kwenye kiti cha plastiki, kofia ya jua kichwani, akirekebisha miguu ya watoto kwa ncha ya mwavuli, na machweo yakikaribia, wakati vumbi la barabara ya mgodini linapogeuka rangi ya dhahabu, alikuwa akiwasimulia habari za kota, za oili na mchanga, za fimbo zenye waya, nao wakidhani ni hadithi ametunga.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, ambacho baadaye kiliathiri figo, na kuanzia Februari 2024 ilimlazimu kuwa Mwanza karibu na hospitali kwa ajili ya kusafishwa damu, akakaa nyumbani kwa Wema, yule binti wa kwanza, ambaye sasa ni mhasibu huko, na Wema alimpa chumba chenye dirisha la jua, akampikia ugali wa mtama, akamkatalia chumvi, mama akilalamika kwamba amesomesha askari, na mwezi Mei mwaka huu alipoona nguvu zinamwishia aliomba arudishwe Kahama, akasema Mwanza ni nzuri lakini hana mtu wa kumgombeza huko, na tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa nyumbani Nyasubi, Serafina akiwa amemshika mkono na Deusdedit amekaa miguuni, alivuta pumzi ya mwisho kwa utulivu.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na vijana ishirini na sita waliosoma kwa mfuko huu, ambao usiku wa jana waligombea kubeba jeneza hadi Eustace akalazimika kupanga zamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na Kahama waliomhudumia kwa subira, majirani wa Nyasubi mliotuletea maji, kuni na mikeka bila kuombwa, walimu wenzake, wanajumuiya, familia ya Mzee Jashvant iliyofunga maduka yao leo, uongozi wa mgodi uliofungua geti kwa watoto miaka ile, na wewe Wema, ambaye hatuna neno la kukupa isipokuwa la shukrani la nyumbani, wabeja sana.

Mwisho familia ina tangazo moja, nalo ni agizo lake, alilolitoa Jumapili iliyopita akiwa na akili zake timamu, kwamba mashindano ya Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 21, ambayo yatachagua kijana wa kwenda chuo mwaka huu, yasiahirishwe kwa sababu ya msiba wake, na kwamba wanaotaka kumlilia waje kumlilia huko, asubuhi na mapema, kimya kijana anapopiga, na bila viatu vya visigino virefu, majani ya Kalisti yasije yakatoboka.

Mwalimu Rebeka, Mama Eustace, Jumamosi vijana wako watacheza, wewe sasa pumzika kwa amani.