Picha Tatu na Sauti ya Mzee Callistus Emukule

Mzee Callistus Emukule, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kamuriai, karibu na Amagoro.

Alisoma hapo nyumbani kuanzia 1968 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1974. Mwalimu alimpa kazi ya kuita rejista, maana sauti yake ilifika mbali. Waliochelewa walisikia majina yao wakiwa bado njiani, wakaanza kukimbia.

Mwaka 1985 aliingia mpakani Malaba kama mpakiaji wa mizigo. Baadaye akawekwa kupanga malori yanayoingia kwenye skana ya forodha. Hata foleni ikiwa ndefu namna gani, aliita namba ya gari na dereva akaamka. Alizoea kuona gari likipigwa picha, likionekana safi linagongewa muhuri na kwenda zake.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani Amagoro na Mama Akiror. Walijaliwa Mathew na Asekenye.

Novemba 2022 sauti yake ilianza kukwaruza. Kwenye kliniki alipigwa eksirei ya kifua, ikatoka safi. Aliambiwa arudi koo liangaliwe, lakini Mzee alikuja nyumbani na bahasha yake akifurahi kwamba amepita skana. Miezi minane ikaisha hivyo. Siku moja Mama Akiror aliinua ile picha dirishani, akaitazama kwa muda.

"Baba Mathew, hii picha imeishia begani. Shingo iko wapi?"

Mzee alicheka. Halafu akaichukua akaitazama mwenyewe, na kesho yake akapanda gari la Eldoret na Mathew.

Huko hospitalini madaktari walipitisha kamera nyembamba puani, wakakata kinyama kidogo wakapima. Ilikuwa saratani kwenye kamba za sauti. Ikafuata picha ya CT, ambayo ilimalizika kwa dakika chache na kuonyesha shingo yake vipande vipande kama mkate. Ilionekana kama ugonjwa umeingia kwenye gegedu, ule mfupa laini wa koo. Kama ni kweli, kisanduku cha sauti kingetolewa chote. Wakati huo Nerima, mke wa Mathew, alikuwa na mimba, na Mzee alitaka sana kumwitia mjukuu majina kwa mdomo wake.

Daktari alieleza kwamba CT ni ya haraka na tezi inaziona vizuri, ila kwenye gegedu inaweza kubahatisha. MRI, inayotumia sumaku, huchukua muda, lakini nyama laini inazitenganisha zaidi. Mzee akachangamka, akasahau hata kwamba ni mgonjwa.

"Daktari, ni kama kazi yetu. Ukipiga lori kwa ubavu, magunia yanafichana. Nipige na hiyo nyingine kabla hujanifungua."

Daktari alicheka, akasema hata wao ndivyo walivyopanga. Mzee alilala ndani ya MRI karibu saa nzima, inagonga kama watu wanaezeka mabati, naye akijizuia kumeza mate. Majibu yakatoka: gegedu ni zima. Mathew alipiga simu nyumbani akashindwa kuongea, Mzee akamnyang'anya akatangaza mwenyewe. Alitibiwa kwa mionzi mara thelathini na tano, na sauti ikabaki. Picha zote alizipachika dirishani, akawa anawafundisha majirani ipi inaona nini, na kwamba picha ya kifua si ya koo.

Tarehe 27 Januari 2024 alimshika mjukuu, kidole kikiwa na tone la pombe ya wimbi, akaanza kuita majina ya ukoo; kwa desturi yetu, jina ambalo mtoto atalamba pombe likiitwa ndilo lake. Jina la kwanza mtoto alifunga mdomo. La pili akageuza uso, na wazee wakamtania kwamba huyu ni mkali kuliko afisa wa forodha. La tatu akalamba. Mama Akiror akapiga vigelegele, boma zima likaitikia.

Aprili 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni. Alifariki nyumbani tarehe 11 Juni 2025, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka 64. Asubuhi yake bado alikuwa akiongea.

Ameacha mjane Mama Akiror, mwanawe Mathew na mkewe Nerima, bintiye Asekenye, na mjukuu wake Emong, ambaye jina lake alilisikia kwanza kwa sauti ya babu.

Mungu akulaze salama, Papa.