Njia ya Chande Katika Mji wa Wajerumani

Mwaka wa pili wa uhuru, baraza yetu ya Msambweni ilikuwa na benchi moja, birika moja la kahawa na waongo watatu, nami Abdulrahim nikiwamo. Alasiri hiyo mzaha haukuwapo. Mzee Othman alikuja na karatasi ndefu ya picha, iliyokunjwa-kunjwa, ambayo wageni wa mji mmoja wa kale wa Ujerumani huuziwa ili wajue vya kutazama. Ameituma mwanawe Chande, aliyeondoka na meli miaka minne iliyopita. Nyuma yake ameandika kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyofunzwa sote katika chuo cha Kurani: "Baba, njia yangu ni hii." Basi. Hakuna salamu wala tarehe. Na kesho mkewe, Mwanasha, aenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Mzee alitaka mashahidi wa kusema kwamba mume yu njiani arudi.

Aliikunjua karatasi juu ya benchi. Picha tano, kila moja ina alama ya penseli. Kapteni, aliyewahi kupika melini mpaka Aden na tangu hapo hashikiki, akaanzia kulia, kama mtu afunguavyo msahafu.

Kapteni: Nyumba hii yenye maua dirishani ndipo alipopanga. Ya pili, makumbusho. Wajerumani hawatupi kitu. Mavazi ya vita ya babu zao, ya chuma kitupu, wameyasimamisha wageni wayatazame.

Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, hakukubali kuachwa nyuma.

Redio: Ndimo Chande alimofanya kazi. Akiyasugua kutu.

Kapteni: Kuyasugua? Akiyavaa! Wadhani yanasimama vipi peke yake?

Othman: Mwanangu kasimama ndani ya chuma miaka minne?

Redio: Ndiyo sababu hakuandika barua, mzee. Mikono imefungika.

Hakuna aliyecheka. Mzee alisogeza kidole kwenye picha ya tatu.

Othman: Na hili kanisa? Kaingia kufanya nini?

Kapteni: Kuaga tu. Mgeni akiondoka, mji mzima hugongewa kengele.

Redio: Siku tatu mfululizo! Hata watoto hawalali.

Kapteni: Kisha lango hili la minara miwili, hapo humpekua. Na mwisho bandari, meli imeshawasha moto. Wiki mbili, mzee, yuko Kilindini.

Othman: Wewe je, Abdulrahim? Utakwenda kwa kadhi kusema hivyo?

Nikasema nitakwenda. Niliona aibu papo hapo, maana Mwanasha ni jirani yangu na kilio chake nakijua. Lakini mzee alikuwa amenikazia macho, nami si jasiri.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi Muthoka, mkulima wa bara aliyehamia juzi upande wa Kikoneni. Alikuwa anakunywa kahawa yetu kwa mara ya kwanza, na uso wake ulionyesha haijampendeza. Akaweka kikombe chini.

Muthoka: Samahani, wazee. Mbona mnaanzia mwisho? Karatasi za Wazungu zinaanzia huku, kushoto.

Kidole chake kiligusa bandari. Kikapita langoni, kanisani, makumbusho, kikafika kwenye nyumba yenye maua. Nyuma ya maua palikuwa na mwanamke, nasi sote tulikuwa tumejifanya hatumwoni.

Kapteni: Wewe wa bara wajua nini? Chande ni wetu. Tumesoma naye chuo kimoja!

Redio: Na maandishi yake haya hapa, yameanzia kulia!

Muthoka: Sawa, maandishi nayaona. Lakini amekaa huko miaka minne. Siku hizi huyo kijana akitazama picha, anaanzia upande gani?

Kapteni alichukua birika, akajimiminia kahawa. Redio alikoroga kahawa isiyo na sukari. Mimi nilimtazama yule mwanamke wa dirishani.

Mzee Othman aliinama kuikunja karatasi. Mkono ukaenda kulia, ukasita. Ukaenda kushoto, ukasita tena. Mwishowe aliiacha pale pale benchini, akavaa viatu vyake.

Kapteni: Mzee, kesho twende saa ngapi?

Othman: Kaeni tu. Mwanasha nitampeleka mwenyewe, nikamwambie kadhi kwamba mwanangu simjui alipo.